Majira ya Mwaka katika Shule ya Kiungani

Katika kitabu cha Jubilei ni desturi kuandika majina ya Maaskofu, na miaka ya kujengwa makanisa, na hesabu ya watu waliobatizwa. Hayo yote ni mema, na yatupasa kuyahifadhi. Walakini shule haiishi katika majina na hesabu. Huishi katika siku zake: siku ya mvua na siku ya jua, siku ya sikukuu na siku ya kazi, siku ya kupokea wageni na siku ya kuagana. Kwa hiyo nimeona vema niandike habari za shule moja ndogo iliyo mama wa shule zetu nyingi, yaani Kiungani ya Unguja. Nami nitaifuata kwa majira ya mwaka, kwa maana katika shule ile majira hayakuwa jambo la kilimo tu. Yalikuwa jambo la uzima na mauti.

Mwanzo wa Shule

Askofu Tozer na Dokta Edward Steere walifika Unguja mwezi wa Agosti 1864. Kabla yao Wamisionari wa Vyuo Vikuu walikuwa wamejaribu kukaa bara, katika nchi ya mto Shire, wakashindwa kwa homa na njaa na vita, hata Askofu Mackenzie akafa huko Januari 1862. Basi hao wawili wakaona kwamba ni afadhali kuanza kisiwani, na kulea vijana watakaokwenda bara wenyewe kwa watu wao. Mwaka ule ule wa 1864 Sultani Majid aliwapa watoto watano wa kiume, waliotolewa katika chombo cha watumwa. Hao watano ndio shule yote. Hawakuwa na lugha moja, wala hawakujua lugha ya waalimu wao, wala waalimu hawakujua yao.

Baadaye shamba la Kiungani lilipatikana, upande wa kusini wa mji, karibu na bahari, na watoto wa kiume wakahamia huko. Nao wasichana walikuwa na nyumba yao, ambayo mwisho ilikuwa Mbweni. Shule ile ikapewa jina la Mtakatifu Andrea. Haikuwa shule ya Sultani, wala haikuwa ya Serikali yoyote. Ilisimama kwa sadaka za watu wa mbali na kwa kazi ya mikono ya waliokuwa ndani yake. Tena ilikuwa ndogo. Mtu anayeyasikia majina ya wote waliotoka humo aweza kudhani kwamba lilikuwa jengo kubwa la maelfu, sivyo. Ilikuwa nyumba moja yenye kengele moja, na watu walijuana kwa majina.

Kusi

Tangu mwezi wa Aprili hata Septemba upepo wa kusi huvuma, nao ulichukua vyombo kwenda Pemba, na Mombasa, na Lamu, na mbele yake Uarabuni. Kwa mfanya biashara ulikuwa upepo wa heri. Bali katika siku zile ulikuwa pia upepo wa msiba, maana ndio uliowachukua watumwa kutoka Kilwa, waliokwisha kutembea miezi mingi kutoka nchi za Wayao na Wanyasa na Wabisa. Sultani Majid mwenyewe aliujua ubaya wa majira haya. Mwaka 1864 alikataza watumwa wasichukuliwe baharini tangu Januari hata Aprili, kwa sababu miezi hiyo Waarabu wa kaskazini huwapo Unguja wakingoja upepo wa kurudi kwao, nao walizoea kuiba watoto na kuondoka nao.

Basi manowari za Kiingereza zilipokamata chombo, watu waliomo walifunguliwa. Na watoto wasiokuwa na baba wala mama waligawanywa kwa misioni zilizokuwapo. Wengine walikwenda Bagamoyo kwa Mapadre Wafaransa, waliofika huko 1868. Na tangu 1875 wengine walikwenda Freretown karibu na Mombasa. Na wengine waliletwa kwetu. Kwa hiyo kusi lilipovuma, Kiungani hawakujua kesho watakuwa wangapi mezani. Shule nyingine huwaandika watoto wapya siku iliyowekwa. Shule ile iliandikiwa watoto wake na upepo.

Fikirini siku kama hiyo. Mtoto ashuka pwani, amekonda, ana vidonda, hajui kama hawa waliomchukua sasa ni wema au ni wabaya kuliko wa kwanza, maana huko njiani aliambiwa kwamba Wazungu hula watu. Ataletwa shuleni. Hapo mambo ya kwanza hayakuwa vitabu. Mambo ya kwanza yalikuwa maji, na nguo, na chakula, na kumtafuta katika nyumba mtoto mwingine mwenye lugha ya kwao. Akipatikana Myao kwa Myao, au Mmakua kwa Mmakua, mgeni hulia. Na akiisha kulia, hula.

Mwaka 1887 Bwana A. C. Madan alitoa kitabu kiitwacho Kiungani, ambamo wavulana wa shule walisimulia habari zao wenyewe: jinsi walivyokamatwa vitani, au kuuzwa kwa nguo na chakula, na jinsi walivyopita mikono ya watu wengi hata kufika pwani. Jambo la kuangalia ni hili, kwamba wale watoto hawakusahau. Katika kitabu kile hicho wameandika pia hadithi na desturi za kwao. Shule iliwapa lugha mpya na dini mpya, na wengi ikawapa na majina mapya. Lakini mtoto alikuja na nchi yake moyoni, na heri mwalimu aliyemwuliza habari zake.

Kipupwe na Demani

Mvua kubwa zikiisha, Unguja huingia kipupwe, wakati wa baridi kidogo na jua jema; na baada yake demani, bahari ikiwa shwari. Huo ulikuwa wakati mzuri wa kazi. Siku ya Kiungani iliongozwa na kengele: sala, kazi ya nyumba, masomo, chakula, masomo tena, michezo, sala ya jioni. Walisoma kwa Kiswahili, na walioendelea walisoma na Kiingereza. Michezo ya mpira wa miguu na kriketi ilichezwa hapo mapema sana, na Kiungani hutajwa miongoni mwa mahali pa kwanza Unguja palipochezwa mpira.

Lakini kazi iliyowapa sifa ilikuwa ile ya kupiga chapa. Dokta Steere alikuwa na mtambo wa chapa, akawafundisha wavulana kupanga herufi na kuchapa karatasi. Alipokuwa akiandika kitabu chake cha kufundishia Kiswahili, kilichotoka 1870, na alipokuwa akifasiri Maandiko, maneno yake yalijaribiwa katika masikio ya watu waliokaa naye. Vijana waliokuja bila lugha moja ndio waliopanga kwa vidole vyao, herufi moja moja, maneno ambayo baadaye yalisomwa tangu pwani hata Nyasa. Tena 1888 gazeti lililoitwa Msimulizi likaanza kupigwa chapa na misioni Unguja. Ndani yake mliandikwa habari za nyumba: nani amesafiri, nani amefika, nani ameoa, nani amefariki. Waalimu walio mbali walipeleka barua zao, nao waliobaki wakajua kwamba ndugu zao wangali hai. Gazeti likawa kamba ya kuwafunga pamoja watu waliotawanyika.

Wakati huo wa kiangazi ndio pia wakati wa safari za bara. Mwezi wa Oktoba 1876 Askofu Steere aliondoka na kundi la watu waliofunguliwa, wanaume kwa wanawake, akakusudia kuwarudisha kwao upande wa Nyasa. Walipofika Masasi wakaona nchi ni njema na maji yapo, na wengine wakasema kwamba hapa si mbali na kwao, wakakaa. Hivyo ndivyo ulivyoanza mji wa Kikristo wa Masasi. Tangu hapo Kiungani hawakutazama bahari tu; walitazama na bara, maana kulikuwa na ndugu zao huko.

Vuli na Sikukuu ya Mtakatifu Andrea

Mvua ndogo za vuli huanguka tangu Oktoba hata Desemba. Unguja na Pemba ndio wakati mkubwa wa kuchuma karafuu, na harufu yake hujaa njiani zinapoanikwa; embe nazo huanza kuiva. Mwisho wa Novemba, tarehe 30, ni Sikukuu ya Mtakatifu Andrea, yaani sikukuu ya shule.

Mtu wa leo aweza kuuliza, Je! sikukuu ya shule yafaa nini? Nami najibu kwamba kwa wale ilifaa kuliko kwa wengine. Sisi tulio na baba na babu twajua siku za jamaa yetu: siku ya kumwita mtoto jina, siku ya jando, siku ya kuwakumbuka wazee. Wale hawakuwa nazo. Siku hizo zilibaki katika miji iliyochomwa moto. Mtume Andrea tunasoma habari zake kwamba alipomwona Bwana, alikwenda kwanza kumtafuta ndugu yake Simoni, akamleta. Watoto wasiojua ndugu zao wako wapi walipewa sikukuu ya mtu aliyemtafuta ndugu yake. Sijui neno lililo karibu zaidi na hali yao.

Na kweli wengi wao waliitimiza sikukuu ile kwa maisha yao. John Swedi, aliyekuwa katika watoto wa mwanzo, alifanywa Shemasi mwaka 1879. Cecil Majaliwa, Myao aliyetolewa utumwani, alifanywa Shemasi 1886 na Padre 1890, akawa Padre Mwafrika wa kwanza wa misioni ile, akafanya kazi Chitangali katika nchi ya Wayao. Augustine Ambali naye, aliyepata kuwa mtumwa, alikwenda Nyasa akatumika huko miaka mingi. Leonard Kamungu, Mnyasa, alisoma Kiungani, akawa Padre 1909, na baadaye akaenda mbali zaidi, hata nchi ambayo sasa ni Zambia, akafa huko 1913. Hao walikwenda kuwatafuta ndugu zao.

Kaskazi

Mwezi wa Desemba upepo hugeuka. Kaskazi huleta joto, na siku zile majahazi ya Uarabuni na Uhindi yalikuja na tende na mazulia na samaki wakavu. Hayo ndiyo majira ya Sikukuu ya Kuzaliwa Bwana. Katika sikukuu hizo zote ipo moja iliyopita nyingine, nayo ni ya mwaka 1873. Tarehe 5 Juni mwaka ule Sultani Barghash alitia mkono mapatano ya kuzuia watumwa wasichukuliwe baharini na kufunga masoko yao. Soko la Mkunazini likafungwa, na mahali pake pakapatikana kwa misioni. Na siku ya Krismasi likawekwa jiwe la msingi la kanisa. Walikuwapo Kiungani watu waliojua kwa miili yao soko la watumwa ni kitu gani. Kwao jiwe lile halikuwa mfano wa maneno.

Lakini tusiandike kama kwamba msiba ulikwisha siku ile. Biashara iliyokatazwa mchana ilifanywa usiku, na hasa kwenda Pemba. Sababu yake nitaieleza sasa, maana yatoka katika majira yaliyobaki.

Masika

Mwisho wa Machi mvua kubwa huanza. Barabara hujaa maji, homa huzidi, na mara nyingi Kwaresima na Pasaka huangukia wakati huo. Kiungani waliyaogopa masika, kwa kuwa yalipita na watu. Wazungu wengi walikufa kwa homa, na watoto waliokuja wamedhoofika hawakuwa na nguvu ya kushindana na ndui. Tena 1869 na 1870 kipindupindu kiliua watu wengi mno katika Unguja.

Hata tarehe 15 Aprili 1872 ikaja tufani ambayo watu wa Unguja hawakupata kuiona mfano wake. Vyombo vilizama bandarini, nyumba ziliezuliwa, minazi na mikarafuu ikang'olewa kama majani, na majengo ya misioni Kiungani yakaharibika. Kazi ya miaka iliharibika kwa siku moja. Nao waliobaki wakaanza tena kujenga.

Sasa angalieni jinsi mambo yanavyofungamana. Tufani ile iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, bali Pemba haikuguswa sana. Basi bei ya karafuu ikapanda, watu wa Pemba wakataka kupanda na kuchuma zaidi, wakataka na watumwa zaidi. Kwa hiyo mapatano ya 1873 yalipofunga soko, vyombo vidogo viliendelea kuwapeleka watu Pemba kwa siri. Manowari iitwayo London ilikaa bandarini Unguja tangu 1874, na mashua zake zilizunguka Pemba kuvitafuta vyombo hivyo. Na Desemba 1881 kapteni wake, Brownrigg, akauawa katika kazi hiyo. Na watoto waliopatikana katika vyombo vile wakaletwa tena pwani, na baadhi yao Kiungani. Ndivyo tufani ya masika moja ilivyoandika majina katika daftari la shule kwa miaka mingi iliyofuata.

Badiliko la Shule

Kadiri biashara ya watumwa ilivyopungua, ndivyo na watoto wa manowari walivyopungua. Mwaka 1897 hali ya utumwa ikaondolewa na sheria katika Unguja. Sasa wanafunzi wengi wa Kiungani wakawa wana wa watu huru, kutoka Bonde na Masasi na Nyasa, wenye baba na mama na mashamba. Hapo likawa jambo jipya na gumu. Wale wa kwanza hawakuwa na nyumba nyingine ila shule; hawa wa pili walikuwa na kwao, na wengine wao walikuwa wana wa wakubwa. Watu wa namna mbili walikaa katika nyumba moja na kula sahani moja. Shule ilipaswa kuwafundisha kwamba aliyenunuliwa na aliyezaliwa huru ni ndugu, na jambo hilo halifundishwi kwa kitabu.

Bwana Frank Weston alikuwa mkuu wa shule tangu 1901 hata 1908, alipofanywa Askofu wa Zanzibar. Akafariki 1924. Mwaka uliofuata, 1925, Chuo cha Mtakatifu Andrea kikahamishwa bara, kikaja Minaki, karibu na Kisarawe. Maana watoto walikuwa wa bara, na kazi ilikuwa bara. Sababu ya kukaa kisiwani ilikuwa imekwisha. Baadaye Minaki nayo ikawa shule ya Serikali, nayo ingali ikifundisha vijana. Kengele ya Kiungani ilinyamaza, walakini waliofundishwa kwayo walikwisha kupiga kengele nyingine vijijini.

Neno la Mwisho

Nimalize kwa neno langu mwenyewe, nanyi mnisamehe. Nilipokuwa kijana katika kazi ya ukatekista nilifundisha katika shule ndogo ya kijiji. Mpunga ulipochanua, watoto walikosa kuja, kwa kuwa walitumwa kulinda ndege. Nami niliona bidii ni kuandika majina yao yote kuwa ni watoro. Mmoja wao, mtoto mpole mwenye akili, aliporudi baada ya mavuno nilimsimamisha mbele ya wenziwe nikamkemea. Hakujibu neno. Kesho yake hakuja, wala hakurudi tena. Baadaye nikapata habari kwamba baba yake alikuwa mgonjwa mwaka ule, na shamba lote lilikuwa juu ya mtoto yule. Sikumwuliza.

Nami nikisoma habari za Kiungani, hilo ndilo linalonihukumu. Wale waalimu walikuwa na makosa yao, maana walikuwa wageni katika nchi, na mambo mengi ya watu hawakuyafahamu. Lakini walijua jambo hili, kwamba mtoto hafiki shuleni peke yake. Huletwa na majira yake. Mmoja huletwa na kusi, mmoja huletwa baada ya mavuno, mmoja huletwa na njaa. Kazi ya kwanza ya mwalimu ni kujua ni upepo gani uliomleta, ndipo afungue kitabu.

Basi, ndugu zangu waalimu na makatekista, katika mwaka huu wa furaha tusihesabu miaka tu. Tukirudi kila mtu kwenye shule yake, ndogo kama ilivyo, tuangalie mbingu na mashamba, na tukimwona mtoto aliyekosa amerudi, tumwulize kwanza ametoka wapi, na kwao wamelalaje.